Kichwa Changu Ukutani kwa Dokteri

Kichwa changu kilikuwa kwenye televisheni, na hakikuwa na kitambaa.

Tulikuwa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, kwenye chumba cha kungojea, mimi na mdogo wangu Rehema, tumekaa kwenye makochi yaliyofunikwa nailoni, yale yanayokunasa mapaja ukitaka kunyanyuka. Upande wa mbele wa nyumba ile ni kinyozi. Upande wa nyuma, ukipita pazia, ndiko anakokaa yule ambaye watu wanamwita Dokteri. Anatibu vipara na kupandikiza nywele, kazi ambayo wenyewe wanaiita grefe. Wateja wa pande zote mbili wanangoja chumba kimoja, mbele ya televisheni moja kubwa. Siku nyingine ilikuwa inaonyesha mpira. Siku hiyo ilikuwa inaonyesha vichwa. Kipara, halafu nywele. Kipara, halafu nywele.

Wanaume wawili waliokuwa wanangoja kunyolewa wakaanza kucheka.

"Ona huyu mama, ona! Kichwa yake kama mukeka panya imelalia."

"Panya gani? Hii ni kuku njo zimedonoa."

Na mimi, Mungu anisamehe, midomo yangu ilishaanza kucheka. Halafu nikaona sikio. Sikio la kushoto, limechanika chini, pale binti yangu aliponivuta hereni akiwa ananyonya. Rehema akanishika mkono.

"Dada, hiyo si wewe?"

Ilikuwa mimi. Mabaka yangu, magamba yangu, ule usaha wa juu ya kisogo, vyote vikubwa kama sahani ya pilau. Chini wameandika kwa Kifaransa: kabla. Picha ikabadilika, wakaandika: baada. Huyo mama wa baada alikuwa na nywele hadi mabegani, na masikio yake yote mawili mazima.

Pazia likafunguka. Msaidizi akatokea na mashine ya kunyolea mkononi. "Rehema ni nani? Aje tumunyoe nyuma."

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilinyanyuka, nailoni ikalia, nikaenda mpaka ukutani nikachomoa waya.

"Eh, mama! Tulikuwa tunaangalia!"

"Mlikuwa mnaangalia mimi."

Yule Dokteri akatoka anajifuta mafuta ya mshikaki kwenye koti lake jeupe. Alirudi kutoka Tanzania, alilelewa huko, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Sitaficha: Kiswahili kile ndicho kilichoniingiza mle ndani. Mtu anayeongea hivyo unadhani amesoma.

"Dada Zuhura, tafadhali, tusifanye vurugu. Kuna tatizo gani?"

"Nani alikupa ruhusa?"

"Ile ni picha ya kitaalamu tu. Uso wako hauonekani hata kidogo."

"Uso wangu watu wa kwetu Gitega wote wanaujua," nikamwambia. "Kichwa ndicho walikuwa hawajakiona."

Nikamshika Rehema, tukatoka.

Nayaandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu ambaye sasa hivi, chini ya kitambaa chake, ananuka na anajua ananuka. Sina la kukufundisha kuhusu mizizi ya nywele. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikazaa, basi. Nakuambia yaliyonipata.

Nywele zilianza kudondoka baada ya kumzaa Hidaya, mtoto wangu wa pili. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, maharage yamepandwa. Nilikuwa nikichana, kitana kinajaa. Mama yangu, aliyeko Muyinga, akaniambia kwenye simu nisiogope: mtoto akianza kukujua uso, nywele za mama zinaanguka, zitarudi. Na kweli, kwa wengi zinarudi. Kwangu zingerudi pia, naamini hivyo, kama ningeacha kichwa kipumzike.

Lakini kulikuwa na harusi ya binamu. Nyie mnajua harusi zetu. Ukumbi wa wanawake ukifungwa mlango, vitambaa vinavuliwa, na hapo ndipo kila mtu anahesabiwa nywele zake. Mwaka mzima hakuna anayekuona, siku moja wanakuona wote. Nikasukwa nywele za kuongeza, zikavutwa mpaka nyusi zangu zikapanda. Msusi akasema, "Vumilia, uzuri unauma." Niliporudi nyumbani sikuweza kulaza kichwa. Na kwa kuwa mchana niko ndani ya kitambaa, sikuzifumua. Nani anaona? Hilo ndilo kosa letu sisi tunaojifunika. Tunadhani kisichoonekana hakiozi.

Kilioza. Zilipofumuliwa, nyingine zilitoka na ngozi. Kwenye paji la uso na juu ya masikio pakabaki weupe unaong'aa. Kuwasha kukaanza, kisha vipele, kisha majimaji. Nikanunua pomade kwa Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini anayeuza vipodozi hapa mtaani kwetu Magarama. Nikapaka, ngozi ikalainika siku chache, halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Niliporudi kuchukua kopo lingine alinikatalia.

"Mama Saidi, hapana. Mi nauza, lakini siuzaki batu kaburi. Hii kichwa yako iko na ugonjwa. Kwenda kwa muganga wa hospitali."

"Wewe unakataa kuuza? Dunia inaisha."

"Iishe, mi sikuuzii."

Namshukuru mpaka leo. Bahati mbaya sikumsikia.

Nyumbani tuko mimi, mume wangu Issa ambaye ni fundi cherehani, watoto wetu Saidi na Hidaya, na mama mkwe wangu Bi Mariamu. Siku moja Bi Mariamu alitoa unywele kwenye mchuzi. Aliunyanyua kwa vidole viwili, juu, kila mtu auone, na mwishoni mwa ule unywele kulikuwa na kipande cha gamba.

"Yampay'inka!" akashangaa kwa Kirundi. "Hii ni ya nani? Hapa ndani iko mtu mwingine anayenyonyoka?"

"Samahani, Mama."

"Samahani haitoi unywele tumboni."

Kuanzia siku hiyo akawa anajipikia. Issa hakunitetea, na hilo liliniuma kuliko ule unywele. Usiku anageukia ukutani. Mto wangu ulikuwa na madoa ya njano yasiyotoka hata kwa jiki. Na kuna jambo moja nitaliandika hata kama litakuchefua, maana lilinichefua mimi: nilikuwa nimembeba Hidaya begani, akapitisha kidole chini ya kitambaa changu, akabandua gamba, akalitia mdomoni. Nilimtoa kidole nikatapika uani.

Ndiyo maana Rehema aliponipigia simu kwamba Muyinga kuna mtaalamu wa nywele, nilipanda gari la asubuhi bila kuuliza maswali. Mtu anayejichukia haulizi maswali.

Dokteri alinipokea vizuri. "Karibu sana, dada. Tatizo lako ni dogo mno." Nikavua kitambaa mbele yake. Kwetu hilo si jambo dogo, lakini kwa ajili ya tiba inaruhusiwa, muganga ni muganga. Akanipiga picha na simu yake. "Ni za dosiye yako tu, yaani faili." Halafu akaniwekea kwenye kichwa kirola kidogo chenye sindano nyingi, kama kile cha kupaka rangi ukutani lakini kina meno. Akakisukuma mbele na nyuma mpaka damu ikanitiririka sikioni. Nilimwona akikifuta kwa pamba na kukiweka kwenye sinia. Baada yangu aliingia mzee mmoja. Akachukua kile kile. Chini ya meza kulikuwa na beseni lenye pamba, nywele na maji mekundu, na inzi wametua ukingoni wanakunywa. Akapuliza manukato hewani.

Nilirudi tena na tena, kiangazi chote. Vumbi la barabara linaingia chini ya kitambaa, linagandana na usaha, na nikifika ananiambia usaha ni uchafu unaotoka. "Ukiona unatoka, ujue dawa inafanya kazi." Nikaamini. Nilikuwa nanuka kama kitambaa cha kufutia meza ya samaki, na nikaamini.

Mwishoni mwa kiangazi akaleta habari ya grefe. Akafungua albamu yenye picha. Njia ya kwanza: wanakata ukanda wa ngozi kisogoni, wanashona, wanachukua nywele za ule ukanda na kuzipanda mbele. Inabaki alama kama ya mkanda. Njia ya pili: wanang'oa punje moja moja kisogoni na kuzitia mbele moja moja, kama mtu anayepandikiza miche ya mpunga. Kazi ya siku nzima, alama ni vitone. Wangekuja wataalamu kutoka nje, akasema. Hawakuwa na majina.

Kisha akagusa kisogo changu akatikisa kichwa. "Wewe nyuma umechoka pia. Hatuna pa kuchota. Lakini ipo njia ya tatu, siwapi watu wote. Njia ya damu moja. Una dada?"

Mnaelewa jinsi alivyotupata? Sisi ukisema damu moja umeshamaliza mazungumzo. Ndugu anampa ndugu figo, anamnyonyeshea mtoto, anamlelea yatima, sembuse nywele? Hakuna aliyesema ngoja kwanza. Mama yangu alilia kwa furaha. Bi Mariamu, ambaye mchuzi wangu haugusi, alisema hilo ni jambo la heshima. Issa akauza cherehani yake ya pili. Na Rehema, ambaye ana nywele kama msitu na alikuwa ameshaposwa, alicheka tu.

"Dada, chukua. Za kwangu zinaota kama magugu. Ila zikikuotea na akili yangu, usinirudishie."

Ndiyo siku ile tuliyokuwa tumekaa kwenye nailoni. Dakika chache zaidi, na mdogo wangu angekuwa amelala kifudifudi nyuma ya lile pazia, karibu na lile beseni.

Niliporudi Gitega nilimwambia Issa kila kitu. Akauliza, "Wanaume waliona?"

"Waliona. Walicheka."

Akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, kama ndicho kilichoonyeshwa.

Kesho yake nilikwenda hospitali, nilikotakiwa kwenda tangu Mama Furaha aliponifukuza. Muganga wa ngozi haji kila siku. Tulingoja kwenye benchi la ukutani tangu asubuhi, mbele yangu mtu mwenye mguu uliovimba, nyuma yangu mama na mtoto mwenye upele. Nilikuwa najibana nisimnukie mtu. Yule mama akanisogelea, akaniwekea mtoto wake mapajani ili afunge mzigo wake, kana kwamba sina kitu. Unajua ni muda gani nilikuwa sijapewa mtoto wa mtu nimshike?

Muganga alikuwa mwanamke. Kabla ya kunigusa alinawa mikono, akaikausha, akaipasha kwa kuisugua. Akamwambia nesi afunge mlango. Halafu akaomba, kwa adabu, nivue kitambaa. Nililia hapo, kabla hajaniambia lolote.

Akaniuliza kama bado nanyonyesha, ndipo akaandika dawa. Yule mwingine hakuniuliza hata siku moja.

"Una vitu viwili," akasema. "Iko fangasi na usaha, hiyo tunatibu kwa vidonge, miezi, si siku. Na iko makovu ya kusukwa. Pale palipong'aa, nywele haitarudi yenyewe. Nakuambia mapema ili mtu asikudanganye."

"Na grefe?"

"Grefe ni kitu cha kweli. Lakini kichwa kinachotoa usaha hakipandikizwi. Kwanza kipone, kikae kimya mwaka mzima au zaidi. Halafu tunaangalia kama kisogo chako kina za kutosha. Nywele zako, si za mwingine."

"Hata za mdogo wangu? Tumbo moja?"

"Nyinyi ni mapacha wa kufanana?"

"Hapana."

"Basi hazifai, hata za mama yako. Mwili wako ungezitema. Wewe ungebaki na usaha mbele, na yeye na kovu nyuma. Nani alikuambia hivyo?"

Nikamtajia. Akaandika kitu, akaniangalia. "Watoto wako, lete niwaone vichwa."

Nikawaleta. Saidi mzima. Hidaya, pale juu ya utosi, ana duara ndogo ya magamba, mviringo kama sarafu. Mimi nilikuwa nimeiona nikadhani ni ukoko wa mtoto.

Mwenzangu, chuki niliyokuwa nayo kwa kichwa changu ilihama siku hiyo. Ilihama yote, ikaenda Muyinga, ikakaa kwenye lile beseni.

Vidonge nilivimeza mvua zote. Vinaleta kichefuchefu, na chai ya asubuhi ikawa adui yangu. Nilinyolewa, kichwa chote, na Issa ndiye aliyeninyoa, kwa wembe mpya, uani, akipuliza nywele zilizokatwa kama mtu anayepuliza unga. Hakugeukia ukutani tena. Akanishonea vilemba vya pamba nyepesi, havina mshono wa ndani wa kukwaruza, na kila kimoja akaacha ukingo mpana wa kufichia paji la uso. "Hivi havivuti," akasema. Nilijua anaomba radhi. Fundi anaomba radhi kwa mkono. Bi Mariamu alikuwa ndiye anayemwosha Hidaya kichwa kwa ile dawa, kila jioni, na glavu, na kelele. Mchuzi wangu alirudi kuula siku ya Idi. Akauchunguza kwanza kwa kijiko, lakini akaula.

Sasa usaha hakuna. Harufu hakuna. Katikati nywele zimerudi, fupi, ngumu, naweza kuzishika. Mbele na juu ya masikio pako wazi na patabaki wazi, labda mpaka kufa. Grefe sijaikataa na sijaikubali. Muganga amenieleza zile njia mbili bila albamu: ukanda unachota nyingi lakini unaacha mstari, punje zinaacha vitone lakini ni kazi ndefu. Kama nitachagua, nitachagua punje, na nitaanza kwa kuuliza nani anashika sindano na iliwahi kushika kichwa cha nani. Na kama sitachagua, nitakufa na paji la uso refu. Kuna watu wamekufa na mabaya zaidi. Hidaya ana nywele.

Ila kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hapo nyumba nzima iliungana dhidi yangu.

"Ukishitaki, watajua ni kichwa yako," alisema Bi Mariamu. "Sasa hivi hakuna anayejua. Funika kombe, mama."

"Mwanaharamu apite?" nikamwuliza. "Huyu hapiti, Mama. Huyu amekaa, na kila siku wanaingia wengine."

Issa alisema, "Zuhura, ile picha wameshaitoa labda."

Haikuwa imetolewa. Rehema alipita pale kwa makusudi, akachungulia: kabla, baada, kabla, baada. Na kwenye kochi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Gasorwe, na binti yake wa shule. Dada yake huyo binti ndiye anayenyonyoka, na binti amekuja kumtolea nywele. Damu moja.

Nilivaa kilemba kipya nikaenda Muyinga. Issa alikuja. Hakusema anakuja, nilimkuta tu ameshavaa viatu. Kwenye ofisi ya afya tulingoja kwenye ukumbi wenye viti vya mbao, na katibu aliyepokea karatasi yangu alikuwa mtu mwema. Alisoma, akashusha sauti.

"Mama, kama unaogopa, unaweza kuandika 'mgonjwa mmoja'. Wengi wanafanya hivyo."

Issa akaniangalia. Nikasubiri aseme. Akamwambia katibu, "Piga muhuri. Jina libaki."

Niliiandika kwa Kifaransa cha sekondari. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Kwa mheshimiwa mkuu wa afya. Nalalamikia mtu anayejiita daktari na kutibu nywele nyuma ya kinyozi hapa Muyinga. Moja, anatumia kirola chenye sindano kwa watu tofauti bila kukichemsha, nimekiona kwa macho. Nilitoka kwake na usaha mwingi zaidi, na binti yangu mdogo akapata ugonjwa wa kichwa kutoka kwangu. Barua ya hospitali nimeiambatanisha. Mbili, anawadanganya watu kwamba nywele za ndugu zinaota kwenye kichwa cha ndugu, na anataka kuwakata mabinti wazima wasio na ugonjwa wowote. Nawaomba mwende kabla hajamkata wa kwanza, kama hajamkata. Tatu, nilivua kitambaa mbele yake kwa sababu ya tiba, akanipiga picha akisema ni ya dosiye, akaiweka kwenye televisheni mbele ya wanaume. Hakuna aliyempa ruhusa. Naomba picha hiyo ifutwe mbele ya macho yangu, na simu iliyoipiga iangaliwe.

Atasema uso hauonekani, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Kichwa kile ni changu. Akibisha, niiteni. Nitakuja na sikio langu la kushoto.

Zuhura binti Ramadhani, mke wa Issa fundi cherehani, Magarama, Gitega."